Miendo ya Mwili

Katika Masagati, kama penginepo katika bonde la Kilombero, mtoto hutembea, hukimbia na huruka kabla hajaingia darasani. Kwa hiyo wako wanafunzi waulizao: mbona shuleni twafundishwa tena mambo ambayo hata mwana-mbuzi huyajua? Jawabu ni hili: kuruka ni jambo moja, na kuruka bila kujiumiza ni jambo jingine.

Miendo ya asili ya mwili ni ya namna tatu. Ya kwanza ni ile iuhamishayo mwili: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa na kupanda. Ya pili hufanywa hali mtu yu papo hapo: kuinama, kujinyosha, kujipinda, na kusimama kwa mguu mmoja pasipo kuanguka. Ya tatu ni ya kutumia kitu: kutupa, kudaka, kupiga teke, kusukuma, kuvuta na kuinua.

Nguvu ya miendo hii yote hutoka katika misuli. Msuli hauwezi kuusukuma mfupa. Kazi yake ni kuvuta tu. Ndiyo sababu misuli mingi hufanya kazi miwili miwili. Mtu akunjapo mkono, msuli wa mbele, juu ya kiwiko, hujikaza na kuvuta, na ule wa nyuma hulegea. Aunyoshapo, wa nyuma huvuta na wa mbele hulegea. Kila mwanafunzi aweza kulihakikisha neno hili kwa kuushika mkono wake mwenyewe.

Katika kutembea, mguu mmoja haukosi kuwa chini. Katika kukimbia, uko wakati mdogo ambapo miguu yote miwili i hewani. Mkono wa kuume huenda mbele pamoja na mguu wa kushoto, na wa kushoto pamoja na mguu wa kuume, ili kiwiliwili kisiyumbe. Atupaye mikono ovyo hupoteza nguvu bure. Mwezi wa Septemba mwaka 2025, mjini Tokyo, katika mashindano ya riadha ya dunia, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walikimbia zaidi ya kilometa 42, wakafika wote wawili kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu alitangulia kwa sehemu 3 tu katika sehemu 100 za sekunde moja, akapata nishani ya dhahabu. Katika mbio kama hizo hakuna hatua hata moja ya kupotezwa.

Kuruka kuna hatari yake wakati wa kutua. Atuaye kwa visigino, hali magoti yamekakamaa, hupokea kishindo chote mara moja katika magoti na uti wa mgongo. Yapasa kutua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, kisha visigino, na magoti yakunjike. Sababu yake ni kama ile ya kudaka yai. Mwenye mkono mgumu hulivunja. Bali aurudishaye mkono nyuma kidogo hulipokea zima, maana amelisimamisha polepole.

Somo la kusimama imara laonekana mtoni. Wandamba, wenyeji wa bonde hilo, wamejulikana tangu zamani kwa ustadi wa mitumbwi. Asukumaye mtumbwi kwa upondo huitanua miguu yake na kuyalegeza magoti. Miguu iliyotanuka humpa msingi mpana, na magoti yaliyolegea huufuata mwendo wa chombo. Asimamaye wima kama mti, miguu pamoja, wimbi dogo tu humwangusha.

Lakini mwendo uwaumizao watu wengi ni kuinua mzigo. Mtu akilishika jembe kwa ncha ya mpini na kuunyosha mkono, huliona zito sana. Akilisogeza kifuani, huliona jepesi, ingawa uzito wake haukubadilika. Ndivyo mgongo nao unavyoelemewa na mzigo ulio mbali na mwili. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Ainuaye na asogee karibu nayo, akunje magoti, aunyoshe mgongo, kisha ainuke kwa nguvu ya miguu. Tena, ikimshinda, na amwite mwenzake, hakuna aibu. Mtu akiumia mgongo wakati wa mavuno, mpunga wake hubaki shambani, na hasara huwapata wote wa nyumba yake.

Kwa hiyo somo la viungo lina utaratibu wake. Kwanza mwili huamshwa kwa miendo mepesi, hata damu ipate moto. Ndipo hufuata mbio, kuruka na kutupa. Na mwisho mwili hutulizwa polepole. Wavulana kwa wasichana hufanya sawa, na mkono wa kushoto hufundishwa kama wa kuume. Mwanafunzi aliye dhaifu wa mguu naye asiachwe kando, kwani ana mikono ya kutupa na kudaka.

Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Mwili uliozoezwa vema utotoni humtumikia mwenyewe shambani, mtoni na njiani, hata uzeeni.