Muchimbaji Asiyekuwa na Nguvu Si Muvivu: Tuangalie Damu Yake

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kutupikia,

Wakati wa mvua tulikuwa na mwenzetu mumoja ku kariere. Akipanda kidogo tu kutoka ku shimo, anasimama, moyo unapiga mbio. Shefu alimuita muvivu. Wengine walisema wamemuloga. Sisi wa sendika tulimupeleka ku kituo cha afya, wakamupima damu: hemoglobini 8, wakati mwanaume anapashwa kuwa na 13 ao zaidi.

Alikosa chuma, ile wanganga wanaita feri. Feri njo inasaidia damu kubeba hewa mu mwili. Ikikosekana, mutu anachoka, kichwa kinazunguka, viganja vinakuwa vyeupe.

Ugonjwa huu unajua wachimbaji tangu zamani. Kule Uswisi, kati ya 1872 na 1882, wafanyakazi walichimba njia ya treni chini ya mulima Saint-Gothard. Wengi wakaishiwa damu, wengine wakakufa. Mu 1880 mutaalamu wa Italia, Edoardo Perroncito, akaonyesha kama ni minyoo ya tumboni yenye kunyonya damu. Mayai yake yanatoka na mavi. Watoto wake wanakomea mu udongo wenye maji, na wanaingia ku ngozi ya muguu bila kiatu. Sasa tuulizane: ku mashimo yetu ngapi kuna choo?

Nyumbani tufanye nini? Nyama, maini na samaki ziko na feri ambayo mwili unapokea mbio. Maharagi, sombe, matembele na lengalenga ziko nayo pia, lakini mwili unaipata kwa shida. Basi, mama, pembeni ya bukari tia ndagala kidogo mu sombe, na tukule chungwa, limau ao pera wakati ule ule. Chai na kahawa zinazuia feri. Tungojee saa moja kiisha kula.

Vidonge tusinunue ku soko bila kupimwa, juu malaria, minyoo na ugonjwa wa SS zinapunguza damu pia. Mwenye SS asimeze feri bila munganga kumuambia. Mama mwenye mimba akipewa kidonge cha feri na foliki, akimeze kila siku. Mavi yakikuwa meusi, asiogope. Tumbo likiuma, ameze na chakula kidogo, lakini si na chai wala maziwa. Na tusiache juu nguvu imerudi kiisha juma mbili: mara mingi inaomba miezi mitatu ao zaidi, ili akiba ijae. Vidonge vikae mbali na watoto. Mutoto akimeza vingi anaweza kufa.

Mwenzetu alipewa dawa ya minyoo na feri. Kiisha miezi mitatu anapanda shimo bila kusimama. Lakini akirudia kukanyaga matope yale yale bila botine, minyoo itarudi, na vidonge vitakuwa kazi ya bure.

Ndiyo maana tunaomba wakubwa wa kazi vitu vine: choo, botine, maji ya kunawa, na kupima damu kila mwaka. Hii si zawadi. Delege wako akipita, umuulize: choo chetu kiko wapi?