Tofali Chini ya Mlango wa Moto

Kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja la ofisi katikati ya Dar es Salaam, mlango wa kuingilia ngazini umezuiwa kwa tofali la saruji usijifunge. Tofali limekaa pale siku nyingi hata limeacha alama ya kijivu kwenye vigae. Kibao kilichopigiliwa usoni mwa mlango kinaagiza uwe umefungwa wakati wote. Nilikwenda pale na fundi seremala wa Keko aliyeitwa kuutengeneza. Aliinama, akalivuta tofali, akauachia mlango. Ulisogea kidogo, ukalia kwenye bawaba, kisha ukasimama ukiwa umebakiza nafasi ya kupitisha kiganja.

"Unaona, kaka," akasema. "Mlango wa moto usiojifunga ni ubao tu."

Kauli hiyo ilinikumbusha moto wa New York. Jumapili ya tarehe 9 Januari 2022, muda mfupi kabla ya saa tano asubuhi, hita ya umeme ilizusha moto katika nyumba moja ya ghorofa za chini kwenye jengo la Twin Parks North West, huko Bronx. Jengo lina ghorofa 19. Miali haikwenda mbali: iliunguza nyumba ile na korido ya mbele yake, basi. Lakini wakazi wa nyumba hiyo walipokimbia kujiokoa, mlango haukujifunga nyuma yao. Wakuu wa zimamoto walisema hakuna kilichouzuia, na kwamba ulipaswa kujifunga wenyewe. Moshi ukamwagika koridoni, ukaingia ngazini, ukapanda. Kwenye ghorofa ya 15 ulikuta mlango mwingine uko wazi. Watu 17 walikufa, 8 kati yao wakiwa watoto, wengi wakitoka katika familia zenye asili ya Gambia. Wote waliuawa na moshi.

Sheria ya jiji hilo ilikuwa tayari inataka milango ya nyumba katika majengo kama lile ijifunge yenyewe. Mlango ulikuwapo, na mtambo wa kuufunga pia. Siku ulipohitajika haukufanya kazi.

Hewa ikipata joto hutanuka, huwa nyepesi, hupanda darini, na huko juu husukuma ikitafuta pa kutokea. Ikiingia kwenye ngazi ya jengo refu imepata dohani. Moshi hupanda ghorofa moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo mtu mwenye mtoto mgongoni hawezi kushindana nayo. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu hulegea na kuzimia kabla joto halijamfikia. Ndiyo maana mlango uliofungwa barabara unaweza kuokoa watu walio mbali kabisa na moto.

Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mlango wa kuzuia moto unaweza kuwa wa mbao. Aliyewahi kuvuta gogo kutoka jikoni na kulipasua anajua siri yake: nje limekuwa mkaa mweusi, ndani mti ni mzima na bado una unyevu. Tabaka la mkaa hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo hukinga mbao iliyo nyuma yake. Kwa kawaida mbao huliwa na moto kiasi cha milimita 0.5 hadi 0.8 kwa dakika. Ndiyo sababu mlango wa dakika 30 kwa kawaida huwa na unene wa milimita 44 hivi, bila uwazi ndani. Hupimwa kwenye tanuri ambalo joto lake hupandishwa kwa utaratibu maalumu: dakika ya 5 hufika karibu nyuzi 576 za Selsiasi, dakika ya 30 nyuzi 842. Ile milango myepesi inayouzwa kwa bei rahisi, yenye karatasi iliyokunjwa kama sega la nyuki katikati ya mbao mbili nyembamba, haipo katika hesabu hii hata ikipakwa rangi nyekundu.

Ubao ukishakuwa imara, udhaifu unahamia pembeni. Hakuna mlango usio na mwanya kati yake na fremu, na moto huanza kupenya hapo. Kwa hiyo kwenye kingo za mlango au kwenye miimo huchongwa mfereji mwembamba na kuwekwa utepe wa kemikali, mara nyingi wenye grafiti. Utepe huo hulala pale miaka na miaka ukiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Joto likifika kama nyuzi 200, unaumuka hadi mara nyingi ya unene wake, kama unga wa maandazi uliozidishwa hamira, na kuziba mwanya wote. Kwa kuwa moshi hutangulia joto, pembeni yake huwekwa brashi laini ya kuuzuia moshi ungali wa baridi.

Mfumo huu wote unategemea mwanya kuwa mdogo, na kipimo kinachokubalika pembeni na juu ni kama milimita 3. Fundi hakutoa rula. Alitoa kadi nne, za benki na ya kitambulisho, akazipanga pamoja. Kila moja ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo nne ni milimita 3 na ushei. Upande wa kitasa, chini, kadi ziligoma kuingia kabisa. Juu, upande uleule, ziliingia na kucheza.

"Watu wangeleta randa hapa," akasema. "Wangekata chini palipobana. Huko juu pangebaki vilevile, na mwakani mlango ukishuka tena, wangekata tena."

Alikuwa sahihi, na nadhani hili ndilo kosa linaloua milango mingi kwetu. Mvua za masika zikija mbao huvimba, mlango hukwama, na mkono wa kwanza huenda kwenye randa. Pamoja na mbao, randa huweza kuondoka na utepe. Fundi alianzia kwenye bawaba. Ile ya juu ilikuwa na skrubu mbili zilizozunguka bila kushika kitu, na mlango wote ulikuwa umening'inia upande. Alizitoa, akachonga vijiti vya mbao ngumu, akavipaka gundi, akavigonga ndani ya matundu, akasubiri vikauke, kisha akafunga skrubu za chuma zenye urefu uleule wa zamani. Mlango ukanyanyuka. Zile kadi nne zikapita juu na chini bila kubana wala kucheza, na hakuna unyoya mmoja wa mbao uliodondoka sakafuni.

Aliniruhusu nizishike bawaba. Zilikuwa za chuma, tatu, na nzito. Aliwahi kukuta za alumini kwenye mlango wa aina hii, na hilo ni jambo la kutisha ukilifikiria: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na tanuri la majaribio hupita nyuzi 670 kufikia dakika ya 10. Mlango ulioandikwa dakika 30 ungeweza kuanguka kabla ya muda wake kwisha.

Palikuwa na tundu pia, pale kitasa cha zamani kilipong'olewa, likiwa limezibwa kwa gazeti na puti. Alilisafisha na kuliziba kwa kipande cha mbao ngumu kilichokatwa kwa kipimo na kugundishwa. Brashi ya moshi ilikuwa imepakwa rangi pamoja na fremu hadi ikakakamaa, kwa hiyo akaibadilisha. Mkono wa chuma unaoufunga mlango nao ulikuwa na mstari wa mafuta uliochuruzika ukutani. Ndani ya mkono huo mna springi inayouvuta mlango na mafuta yanayopunguza kasi yake. Mafuta yakishavuja hakuna marekebisho ya bisibisi yatakayoufufua. Hununuliwa mwingine.

Kasoro kama hizi si zetu peke yetu. Baada ya jengo la makazi la Grenfell Tower kuungua London tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72, uchunguzi ulikuta milango mingi ya nyumba haikuwa na mtambo wa kujifunga, au ulikuwa mbovu. Mlango mmoja wa jengo hilo uliopelekwa maabara, uliotarajiwa kuhimili dakika 30, ulishindwa baada ya kama dakika 15. Tangu tarehe 23 Januari 2023, sheria ya Uingereza yenyewe, ukiacha Scotland na Wales, inataka kwenye majengo ya makazi yanayozidi mita 11 kwenda juu milango ya sehemu za pamoja ikaguliwe kila miezi 3, na milango ya nyumba walau mara moja kwa mwaka. Ratiba hiyo haihitaji mashine. Inahitaji mtu mwenye macho, daftari na bisibisi, na mtu huyo tunaye katika kila mtaa.

Sitawalaumu walioweka tofali. Korido ile haina dirisha, feni zilikuwa zimezimika, na mhudumu wa chai hupita pale na sinia mara kumi kwa siku. Dawa ya tatizo hilo ipo: sumaku ya umeme ukutani, inayoushika mlango ukiwa wazi na kuuachia king'ora kikilia. Umeme ukikatika sumaku hufa, nao mlango hujifunga. Kufuli na mnyororo, kwa upande mwingine, sitawatetea wanaoviweka. Mlango wa kuzuia moto kwenye njia ya kutokea unapaswa kufunguka kwa mkono mmoja, bila ufunguo, kutoka ndani. Katika shule ya Kyanguli kule Machakos, Kenya, moto wa Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo.

Jua likikaribia kuzama, mkono mpya ulikuwa umefungwa. Fundi aliufungua mlango wazi kabisa, akauachia. Kisha nusu. Kisha upana wa kiganja tu, ambapo nguvu ya springi huwa ndogo na ulimi wa kitasa hukwama kwa urahisi. Mara zote tatu ulikuja polepole, ukagusa fremu, ulimi ukaingia: tak.

Kesho ukipanda ngazi za ofisini kwako, au za hospitali ulikokwenda kumwona mgonjwa, fanya vivyo hivyo. Ufungue mlango mara tatu, uuachie, usikilize. Usiposikia ulimi ukiingia, mwambie msimamizi wa jengo, na wiki ijayo mkumbushe. Ukikuta tofali, liondoe.