Je, Wajua? Volkano Iliyomezwa na Mafuriko

Mwaka 1822, mchoraji Mwingereza John Martin alionyesha jijini London mchoro mkubwa wa rangi za mafuta: Mlima Vesuvius ukilipuka mwaka 79 na kuangamiza miji ya Pompeii na Herculaneum, Italia. Aliipaka anga wekundu wa kutisha, na chini yake akawachora watu wadogo mno wakitapatapa. Ndivyo wasanii wa mkondo wa Ulimbwende (Romanticism) walivyopenda kuonyesha ukuu wa maumbile na udhaifu wa binadamu.

Januari 1928, Mto Thames ulifurika usiku, maji yakaingia katika jumba la sanaa la Tate. Mchoro huo uliharibika vibaya, na takriban sehemu moja ya tano ikapotea, ikiwemo sehemu kubwa ya volkano yenyewe na mji ulio chini yake.

Kwa miongo mingi ulidhaniwa hautengenezeki. Lakini mwaka 2011 ulionyeshwa tena hadharani. Mafundi waliusafisha, wakajaza pengo kwa kufuata toleo dogo lililochorwa na Martin mwenyewe. Kwa makusudi, sehemu mpya haikutiwa undani mwingi, ili jicho la mtazamaji livutwe na kazi halisi ya msanii.