Eksirei na Siti Skani: Kuona Uvimbe Ndani ya Pafu

Usiku wa giza, simama ufukweni Ujiji utazame taa za wavuvi wa dagaa. Taa mbili zinaweza kuonekana zimegusana, kumbe mtumbwi mmoja uko mbali nyuma ya mwingine. Ili ujue kila mtumbwi ulipo, zitazame pia kutoka upande mwingine, mathalani Kibirizi. Shika mfano huu, mtahiniwa.

1. Picha ya kawaida ya eksirei
Miale ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hupenya hewa kwa urahisi na huzuiwa zaidi na mifupa. Pafu limejaa hewa, hivyo huonekana jeusi. Uvimbe huonekana mweupe. Lakini picha moja ni kivuli tu, haionyeshi kina. Uvimbe unaweza kufichwa na mbavu au moyo.

2. Siti skani
Chanzo cha eksirei huzunguka mwili, kisha kompyuta huunganisha vipimo vya pande zote na kutoa picha za vipande vyembamba, kama slesi za mkate. Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, na Godfrey Hounsfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hii mwaka 1979.

3. Kuongoza sindano
Doa jeupe laweza kuwa saratani au kovu la kifua kikuu, na tiba zake ni tofauti kabisa. Daktari akiongozwa na picha huingiza sindano na kuchukua sampuli bila kupasua kifua. Uvimbe mdogo huweza hata kuunguzwa kwa sindano yenye ncha ya moto.

Ugumu ni kwamba pafu husogea kwa kila pumzi, kama mtumbwi kwenye mawimbi. Mgonjwa huombwa abane pumzi, na picha hurudiwa. Hewa ikivuja kutoka kwenye pafu lililotobolewa, pafu huweza kusinyaa. Ndiyo maana zinatafutwa picha za haraka zaidi, zenye mionzi kidogo.

Nchini, mafunzo ya tiba inayoongozwa na picha yalianza Muhimbili mwaka 2018. Kwa mgonjwa wa Kigoma, hiyo ni safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200.

Tahadhari: Usijibu "ultrasaundi". Mawimbi yake huakisiwa yanapokutana na hewa, hivyo hayaoni ndani ya pafu.

Jipime: Kwa nini picha moja ya eksirei haitoshi kuongoza sindano? Toa sababu mbili.