Ghuba Moja, Vimbunga Viwili

Ramani za shuleni huonyesha mahali vimbunga vipitapo, lakini hazielezi ni watu wangapi watakufa. Na tuitazame Ghuba ya Bengali, kusini mwa Asia.

Ghuba hiyo ina umbo la faneli, na upande wa kaskazini kina chake ni kifupi. Kimbunga kinapoyasukuma maji huko, hayana pa kwenda ila kupanda nchi kavu, nayo imeinuka mita chache tu kutoka usawa wa bahari. Kiuacho hasa ni maji, wala si upepo. Novemba 1970 walikufa watu wasiopungua 300,000 katika Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh.

Novemba 2007 kimbunga Sidr kiliipiga Bangladesh, wakafa watu wapatao 3,400. Mei 2008 Nargis kiliipiga delta ya mto Irrawaddy, nchini Myanmar: waliokufa na kupotea walikaribia 140,000. Je, Sidr kilikuwa kinyonge? La hasha, kilipofikia kilele, upepo wake uliuzidi ule wa Nargis.

Tangu 1972 Bangladesh imekuwa na wanavijiji wa kujitolea, wapitao na vipaza sauti kuwaonya wenzao, na imejenga majengo ya zege juu ya nguzo, ambamo watu hukimbilia. Delta ya Irrawaddy ilikuwa na maficho machache mno, na sehemu kubwa ya mikoko yake ilikwisha kufyekwa kupisha mpunga. Tena, vimbunga vikali vilikuwa nadra kufika huko: katika ramani ya shuleni, delta hiyo ingepakwa rangi hafifu kuliko Bangladesh.