Rekodi Moja kwa Safari Moja

Anayepanga kwenda hifadhini Tanzania huwa na orodha ya wanyama mkononi: simba, tembo, faru, chui, nyati. Mimi humshauri achague kwanza kitu kimoja kinachoshinda vya aina yake, kisha msimu, njia na fedha vikifuate hicho. Rekodi zetu nyingi zina majira, na anayekwenda nje ya majira hulipa gharama ileile bila kuona alichokitamani.

Chukua nyumbu wa Serengeti. Ni zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia kwa malaki, na kwa miaka mingi msafara wao ulihesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2024 Sudan Kusini ilitangaza matokeo ya hesabu ya angani: wanyama wa jamii ya swala takriban milioni 6 wanaohama. Kwa wingi, basi, Serengeti imepitwa. Kwa msafiri wa kawaida bado hakuna uhamaji mkubwa unaofikika kirahisi kama huu, lakini ujue nyumbu wako wapi kabla ya kulipa. Januari hadi Machi wako nyanda za kusini, upande wa Ndutu, wakizaa kwenye nyasi fupi zilizorutubishwa na majivu ya volkano. Aprili na Mei, masika, husogea magharibi. Wenye watoto wanaosubiri likizo ya Juni wawatafute ukanda wa Grumeti. Kuvuka Mto Mara kunakoonekana sana pichani hutokea kaskazini, Kogatende, kati ya Julai na Oktoba, na hakuna dereva anayeweza kukuahidi saa. Kundi linaweza kusimama ukingoni kutwa nzima, kisha likageuka. Ndiyo maana naona ni kosa kulala kila usiku kambi tofauti: kaa usiku tatu mahali pamoja.

Jambo lingine ni malipo. Sehemu kubwa ya Ndutu iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, wakati Serengeti ni ya TANAPA. Ukivuka mpaka unaingia malipo mengine, hivyo itake kampuni iandike viingilio vyote kwenye hesabu yake. Raia hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini mno kuliko cha mgeni. Beba kitambulisho cha NIDA.

Kreta ya Ngorongoro ndiyo kubwa kuliko zote duniani ambayo kuta zake hazijabomoka wala haijajaa maji: takriban kilomita za mraba 260, kina cha mita 600 hivi. Siku moja inatosha. Faru weusi wako humo; twiga hawamo, kwa hiyo watafute njiani. Kingoni juu kuna baridi kali Juni na Julai, na sweta moja haitoshi.

Hifadhi ya Taifa iliyo kubwa kuliko zote nchini ni Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Hapo unatalii kwa boti Mto Rufiji, kati ya viboko na mamba. Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, kwa kuwa masika barabara hazipitiki na kambi nyingi hufungwa.

Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ndilo refu kwenda chini kuliko maziwa yote ya Afrika. Kando yake kuna sokwe wa Mahale na wa Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti mwaka 1960. Mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, maana maradhi yetu huwaua.

Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina ya kaboneti, na Ziwa Natron lililo chini yake ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo. Kilimanjaro, mbali na mita zake 5,895, ina mti mrefu kuliko yote Afrika iliyowahi kupimwa, mita 81.5, katika moja ya mabonde yake.

Mwenye siku moja tu na bajeti ndogo aende Mwanza. Kisiwa cha Saanane, kilomita za mraba 2.18, ndicho hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, na boti kutoka mjini hukufikisha kwa dakika chache.