Bustani ya Mboga Karungu Kabla ya Masika

Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza humwambia mkulima aanze kazi mwezi wa Machi, baridi ikiisha na ardhi ikipata joto. Huko Karungu, kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Migori, Machi pia ndio mwezi wa kupanda, lakini sababu yake ni nyingine kabisa. Joto halikukosekana hata siku moja tangu Desemba. Kinachongojwa ni mvua ya masika, ambayo Wajaluo huiita chwiri, na mtu anayengoja mpaka ianze kunyesha ndipo ashike jembe huwa amekwisha kuchelewa.

Kuchelewa huko si jambo dogo. Mahindi na mtama wa Machi havivunwi mpaka Julai au Agosti, na kabla ya hapo ghala za nyumba nyingi hubaki na vumbi tu. Katika miezi hiyo ya katikati unga hununuliwa kwa fedha, na mboga za nyuma ya nyumba ndizo huuteremsha ugali. Nyumba isiyo na bustani hununua vyote viwili. Zamani Karungu ilikuwa na boma la Serikali, kabla ya boma hilo kuhamishiwa Kisii mwaka 1907. Siku hizi mboga hushuka kwa gari kutoka milima hiyo hiyo ya Kisii, nazo hufika sokoni Sori zimenyauka na bei yake imepanda njiani.

Basi kazi ya kwanza ni ya Februari, nayo ni ua. Wakati wa kiangazi mbuzi huachwa watembee watakako, na mbuzi mmoja aweza kumaliza kwa asubuhi moja kazi ya mwezi mzima. Ua ulio bora ni wa mnyaa, ambao wenyeji huuita ojuok, kwa kuwa vijiti vyake huchomekwa tu ardhini vikashika, wala mbuzi hawaupendi. Wanaoukata na wajihadhari, maana utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Kuku hupita chini ya mnyaa bila taabu. Dawa yao ni nyavu chakavu za wavuvi, ambazo hazina kazi tena ziwani, zikafungwa chini ya ua mzima.

Udongo wa sehemu nyingi za Karungu ni ule mweusi, ambao katika jua hupasuka nyufa ndefu, na mvua ikinyesha hung'ang'ania jembe kama ulimbo. Siku za kuulima vizuri ni chache mno: ukiwa mkavu ni jiwe, ukiwa umelowa sana ni matope, na anayeulima ukiwa matope hupata madonge ambayo hayavunjiki tena mpaka kiangazi kijacho. Kwa hiyo samadi hupelekwa bustanini mapema na kutandazwa, ili mvua ndogo ya kwanza ikipita, siku ya pili au ya tatu, ardhi ichimbuliwe yote pamoja na samadi yake. Debe moja kwa kila hatua mbili za tuta latosha. Samadi iwe ya zamani, iliyooza ikawa nyeusi na isiyonuka tena. Ile mbichi huunguza miche, tena huleta magugu. Matuta yainuliwe kimo cha shubiri moja, na upana wake usizidi mita moja, ili mama aweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga. Pasipo matuta, mvua kubwa ya Aprili husimama juu ya udongo huo na mgagani hufa kwa kuoza mizizi.

Mbegu ndizo zenye mashauri mengi. Wako watu wanaolaumu mbegu za kienyeji kwamba haziotI, kumbe kila moja ina tabia yake. Mgagani, yaani dek, mbegu yake ikiwa mpya hulala. Iliyovunwa juzi haiamki vema, bali iliyokaa miezi sita huota katika juma moja. Mnavu, au osuga, hutaka kuoshwa: matunda yaliyoiva huminywa ndani ya maji, huachwa siku moja au mbili, kisha husuguliwa mpaka utelezi uishe, na mbegu huanikwa kivulini. Mlenda, ambao ndio apoth, una ganda gumu. Mbegu zake hufungwa katika kitambaa na kutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi tu, zikatolewa na kupandwa. Kunde hazina masharti ila fukusi, na hao huzuiwa kwa kuzihifadhi katika majivu. Mbegu ndogo kama za mgagani yafaa zichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa mistarini, kwani mkono mtupu humwaga nyingi mahali pamoja.

Wakati wa kupanda wenyewe, tahadhari ni moja. Mvua ya kwanza ya Machi mara nyingi ni ya udanganyifu. Hunyesha siku mbili, kisha jua hurudi majuma mawili. Mbegu zilizokwisha kuchipua hufa zote. Mama mwenye busara hupanda nusu, na nusu huiweka chunguni mpaka aone kwamba mvua imekaa.

Pana tena jambo la desturi. Katika miji mingi ya Wajaluo kupanda hufuata cheo, mke mkubwa akitangulia na wana wakifuata kwa umri, nayo huitwa golo kodhi. Desturi hiyo hutazama hasa nafaka. Mke wa mwana mdogo akimwuliza mama mkwe wake mapema, katika Februari, juu ya tuta lake la mboga, hatapoteza siku za mvua akingoja zamu, wala hataonekana kuwa amewavunjia wakubwa heshima.

Wengine huona njia rahisi ni kulima ukingoni mwa ziwa, ambako maji yako karibu. Kweli mboga hustawi huko hata wakati wa jua, lakini kiboko hutoka usiku kula, na ziwa lenyewe halina mpaka wa kudumu. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na mwezi wa Mei 2020 likapita hata kimo kile, likameza mashamba na nyumba za pwani. Bustani ya ukingoni ni nzuri kuwa ya pili. Ile ya kutegemewa na ikae juu, karibu na jiko, ambako maji ya kuoshea vyombo yaweza kumwagwa.

Yapo maneno ya kwamba mboga hizi ni za maskini, na kwamba mtu aliyesoma hupanda kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyezichunguza tangu miaka ya 1990 akiwa katika Chuo Kikuu cha Maseno, alionyesha kwamba majani haya huishinda kabichi kwa madini ya chuma na vitamini A, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi. Sukuma wiki si mbaya, ila miche yake hukaa kitaluni zaidi ya mwezi kabla ya kuhamishwa, hali kunde na mgagani huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne.

Mgagani ukianza kutoa maua, vikonyo vya maua hukatwa ili majani yaendelee, na uchungu wake hupungua ukipikwa kwa maziwa na kulazwa chunguni. Lakini miche mitano au sita iliyo mirefu kuliko yote haiguswi. Watoto huonywa, na kila mmoja hufungwa utambaa. Maganda yake yakigeuka manjano hukatwa kabla hayajapasuka, hutiwa katika mfuko wa kitambaa, na hutundikwa jikoni mbali na moshi mwingi; yaliyokatwa Julai yatakuwa tayari Machi.